Kambi ya Naiburta, Hell's Gate: je, inamfaa mtoto mwenye usonji?

Inamfaa, mradi mwende katikati ya wiki na msifanye kushuka kwenye korongo la mbuga hiyo kuwa lazima. Hell's Gate iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, jirani na Ziwa Naivasha, na ni miongoni mwa mbuga chache za Kenya ambako mtu huruhusiwa kutembea na kuendesha baiskeli kati ya pundamilia na twiga. Kwa mtoto asiyevumilia kukaa garini kutwa, sababu hiyo inatosha kuichagua.

Naiburta yenyewe ni kambi ya kawaida: mfereji, banda la kupikia na vyoo vya hali ya chini. Imekaa kwenye mwinuko unaotazama mnara wa mwamba uitwao Fischer's Tower, na nyika ni wazi kiasi kwamba mtoto anaonekana hata akiwa mbali. Lakini haina ua, na nyati wamo mbugani. Mtoto mwenye mazoea ya kuponyoka alale ndani kabisa ya hema, mzazi mlangoni, na zipu ifungwe kengele ndogo.

Choo ndicho huharibu safari nyingi. Giza na harufu humfanya mtoto ajizuie siku nzima, usiku tumbo likamsokota, na kila mtu akakesha. Bebeni poti au ndoo yenye kiti, na aanze kuitumia nyumbani wiki moja kabla. Hema nalo alilalie kwanza uani au sebuleni, na shuka zake zilezile.

Hema likisimama vibaya litampigia kelele. Upepo ukivuma, turubai la juu hupiga papapapa, na mtoto mwenye masikio mepesi hasinzii. Elekezeni mlango upande usiotoka upepo, kisha kazeni kamba tena baada ya jua kuzama, kwani nailoni hulegea ikipata unyevu. Matundu ya hewa yaachwe wazi hata kama kuna baridi (na ipo, maana mko juu ya mita 1,900). Yakizibwa, pumzi hugeuka matone yanayomdondokea usoni.

Jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hivyo ratiba ya picha (michoro inayomwonyesha mtoto kinachofuata) ni rahisi kuifuata: chakula, jua linazama, meno, hema. Fikeni kabla ya saa sita mchana ili kila kitu kiwe mahali pake mapema.

Jumamosi mabasi ya shule na makundi ya baiskeli hujaa, kwa hiyo Jumatatu hadi Alhamisi ni afadhali sana. Upande wa Olkaria kuna mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, yenye mngurumo na harufu ya mayai yaliyooza. Vizuia sauti vya masikioni vinasaidia kwa mngurumo, ila kwa harufu dawa ni kutofika huko. Chakula kifungiwe garini, nyani hawangoji kukaribishwa. Maji ya kunywa yatoke nyumbani: ya Naivasha yana floraidi nyingi, na ladha ngeni inaweza kumfanya mtoto agome kunywa.

Korongo ni jembamba, linateleza, na mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 Septemba 2019. Mvua ikinyesha, hata mbali, msishuke. Malipo ya kuingia hufanywa kupitia eCitizen, mfumo wa mtandaoni wa huduma za serikali. Yamalizeni kabla ya kuondoka nyumbani, maana kungoja getini kunamchosha mtoto kabla safari haijaanza.