Uzoefu wangu: ziara ya miguu Beacon Hill, Boston, kuhusu Sheria ya Watumwa Watoro

Nyota nne kati ya tano. Kampuni siitaji, maana zipo kadhaa zinazopita njia hiyohiyo. Nilikwenda na shangazi aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, na kwa pesa tuliyolipa, tumepata cha kuzungumza wiki nzima.

Nilichokipenda kwanza: mwongozaji hakutusimulia hadithi ya Kaskazini wema na Kusini wabaya. Alianza na sheria. Mwaka 1850 wabunge wa Marekani walitafuta suluhu kati ya majimbo ya watumwa na majimbo huru, na sehemu ya suluhu hiyo ikawa Sheria ya Watumwa Watoro, iliyoagiza watoro warudishwe kwa mabwana wao hata wakikamatwa katika jimbo huru. Aliyeshikwa kwa madai kwamba ni mtoro hakuruhusiwa kutoa ushahidi wa kujitetea, wala kesi yake haikupelekwa mbele ya jopo la raia. Kamishna, yaani ofisa wa serikali aliyeamua kesi hizo, akimrudisha mtu kwa bwana wake alilipwa dola 10. Akimwachia, dola 5. Maelezo ya serikali yalikuwa kwamba kumrudisha mtu kuna makaratasi mengi zaidi. Mwongozaji akachomoa noti mbili mfukoni, ya kumi na ya tano, akazinyanyua bila kusema kitu. Shangazi akaniminya mkono: "Baba, si kesi imeshakwisha kabla haijaanza?"

Kutoka hapo tukapanda hadi Phillips Street namba 66, nyumba ya matofali ya Lewis na Harriet Hayden. Lewis mwenyewe alitoroka utumwani Kentucky mwaka 1844. Hapa ndipo walipofichwa William na Ellen Craft, mume na mke waliotoroka utumwani Georgia mwaka 1848, Ellen akiwa amevaa kama bwana wa Kizungu mgonjwa, mkono ameufunga ili asiombwe kuandika jina lake hotelini. Wawindaji wa watumwa watoro walipokuja Boston kuwatafuta, Hayden aliapa kuilipua nyumba kwa baruti kuliko kuwatoa. Ndani hamuingii, ni makazi ya watu. Mtasimama barabarani na kusoma kibao.

Sehemu iliyobeba ziara yote ni ya Anthony Burns, mtumwa aliyetoroka Virginia. Alikamatwa tarehe 24 Mei 1854. Siku mbili baadaye watu, weusi kwa weupe, walivamia mlango wa mahakama na gogo. Mlinzi mmoja akafa, Burns hakutoka. Katikati ya wiki hiyohiyo, tarehe 30, Rais Franklin Pierce alitia saini sheria ya Kansas na Nebraska, iliyowaachia walowezi waamue wenyewe kuhusu utumwa katika maeneo yaliyokuwa yamefungiwa utumwa tangu 1820. Hebu fikiria umesoma gazeti asubuhi ukakuta habari hizo mbili pamoja! Tarehe 2 Juni askari walimsindikiza Burns hadi gatini, watu wapatao 50,000 wakitazama, maduka yametundika vitambaa vyeusi, na juu ya State Street linaning'inia jeneza lililoandikwa "Uhuru". Mwaka uliofuata wafadhili wa Boston walimnunua kwa dola 1,300 wakamwachia huru. Jaji Edward Loring, ambaye ndiye kamishna aliyemrudisha, alikuja kuondolewa katika kiti chake cha mahakama ya mirathi mwaka 1858. Kwa maoni yangu, kumrudisha mtu mmoja kuliwageuza matajiri wa Boston kuliko hotuba zote walizokuwa wameshasikia.

Maana matajiri hao walikuwa na sababu ya kunyamaza. Viwanda vya nguo vya Massachusetts vilikula pamba iliyolimwa na watumwa wa Kusini. Shangazi akakumbuka merikani, ile nguo ambayo meli za Salem zilishusha Zanzibar na wapagazi wakaibeba mpaka Ujiji. Kumbe na sisi tulikuwa ndani ya hesabu hiyo! Mwongozaji hakuligusa hilo, wala simlaumu.

Lawama zangu ni nyingine. Kundi lilikuwa kubwa mno, hakuna kipaza sauti, na upepo wa kilimani ulimeza nusu ya maelezo kuhusu kesi ya Dred Scott ya 1857, ambamo Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kumtambua mtu mweusi kuwa raia. Tulifika African Meeting House, jengo la 1806 ambamo mwandishi wa gazeti William Lloyd Garrison na wenzake waliunda chama chao cha kupinga utumwa mwaka 1832, tukapewa dakika chache tu, huku mbele ya sanamu ya kikosi cha 54 cha Massachusetts, kile cha askari weusi wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, watu wakipigwa picha mpaka wakachoka. Mkiwa na mzee, ulizeni kwanza kuhusu choo na pa kukaa. Njia ni ya matofali yaliyonyanyuka nyanyuka, na mteremko wake si wa mchezo, vaeni raba.