Nilifuata majambazi, nikamkuta mama mjane wa Tenth Avenue

Kitabu hiki nilikinunua kwa jina la mwandishi. Kwenye jalada, "Mario Puzo" imeandikwa kwa herufi kubwa kuliko The Fortunate Pilgrim yenyewe, na wamekumbusha kwamba ndiye yule wa The Godfather, riwaya ya majambazi wa Kiitaliano wa New York. Nikajua nimepata bunduki na tambi. Muuza vitabu vya mitumba pale Posta alitaka 8,000, tukamalizana kwa 5,000.

Bunduki hamna. Kuna majambazi wanaopitapita upande wa waoka mikate, lakini bosi mwenyewe humu ndani ni Lucia Santa, mama wa watoto sita kwa waume wawili, anayeishi kwenye ghorofa za makabwela Tenth Avenue, New York. Hadithi inaanza mwaka 1928, kabla uchumi haujaporomoka, na kwenda hadi wakati wa vita kuu ya pili. Puzo mwenyewe aliwahi kusema kwamba kila Don Corleone, yule bosi wa majambazi wa The Godfather, alipofungua mdomo, yeye alikuwa akisikia sauti ya mama yake mzazi. Ukishamaliza kurasa thelathini tu unamwelewa.

Sehemu iliyonikamata iko mapema kabisa. Lucia Santa ni binti wa mkulima fukara kule milimani Italia ya kusini. Siku moja baba yake, anayempenda kuliko watoto wengine, anamwambia asitegemee mashuka ya harusi, uwezo haupo. Binti ananyamaza. Kisha anakubali ndoa ya wakala na mwanamume aliyeko ng'ambo ya bahari, ambaye hata sura yake anaikumbuka kwa mbali, na anapanda meli. Waitaliano zaidi ya milioni 4 waliingia Marekani tangu miaka ya 1880 hadi sheria ya 1924 ilipokuja kuwabana, wengi wao wakitoka huko huko kusini. Nilikuwa naijua habari hiyo kijuujuu. Sasa kila nikiisikia nitaona mashuka. Kwetu pia bi harusi hukaguliwa sanduku lake, na aibu ya sanduku tupu naifahamu.

Mtaa wenyewe ameuchora vizuri mno. Jioni ya joto, wanawake wametoa viti nje, wajane na magauni yao meusi, wanasimuliana jinsi watoto wa Amerika walivyokosa adabu, na kila msimuliaji ndiye shujaa wa kisa chake. Baraza kamili, imekosa kahawa na kashata tu. Mara anapita Larry, mtoto wa kwanza, juu ya farasi mweusi, taa nyekundu mkononi, akitangulia treni ya mizigo inayokatiza katikati ya barabara ili watu wapishe. Nilidhani ni chumvi ya mwandishi. Kumbe vijana hao walikuwepo kweli. Treni zilikuwa zikigonga watu mpaka njia ile ikabandikwa jina la Barabara ya Kifo. Mwaka 1934 reli ikapandishwa juu ya madaraja, na kipande kilichobaki leo ni bustani ya kutembea, High Line.

Mabishano ya Lucia Santa na bintiye Octavia ndiyo utamu wa kitabu. Octavia anasema anataka kuwa na furaha. Mama anamshangaa: furaha? Shukuru uko hai na umekula. Binti anasoma vitabu, anavaa kimjini, anamwona mama mshamba. Mama anamwona binti kama Mmarekani aliyeingia nyumbani kwake bila hodi. Wote wawili wana haki, na Puzo hamwamui mtu.

Nakala yangu ilikuwa na kasoro. Gundi ya mgongoni ilishakauka, kurasa zinachomoka kama majani makavu, na aliyekuwa nacho kabla yangu alizirudisha vibaya. Nikafika msibani kabla sijajua nani kafa. Nimesoma kilio chote nikihesabu watoto, nani hayupo, mpaka karatasi kama kumi mbele nikakikuta kifo chenyewe. Ukinunua cha mitumba, kagua namba za kurasa kwanza.

Kitabu nacho kina mapungufu yake. Lena, mtoto wa mwisho, yupo kwa jina tu. Nilikuwa namsahau kabisa. Vituko vya Larry na wanawake vimerefushwa. Na mwandishi ana tabia ya kukutafsiria Waitaliano wakoje wakati amekwisha kukuonyesha. Kiingereza chake si kigumu, maneno ya Kiitaliano utayabashiri. Puzo alikihesabu kuwa kitabu chake bora. Kilipokosa kumpa pesa ndipo akaandika kile cha majambazi, mwaka 1969. Namuunga mkono, bora ni hiki.

Asiyependa kuhadithiwa aishie hapa. Mume wa pili, Frank, anarukwa na akili na kupelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Inafika siku Lucia Santa anatakiwa kuamua: amrudishe nyumbani au amwache huko. Anamwacha. Nilifunga kitabu kwa hasira, nikakaa nacho siku mbili bila kukigusa. Mwanamume aliyembeba wakati wa ujane wake!

Jumapili nikampigia mama, Tanga. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamsimulia kisa chote, naye hukaa kimya ukimsimulia, unasikia redio tu kwa nyuma.

"Huyo mume alikuwa akipiga?" akauliza.

"Alikuwa akiwatisha. Siku nyingine hajijui."

"Na watoto wangapi?"

"Sita, mama."

"Sasa mwanangu, wewe ulitaka afanye nini?"

Kitabu nimekipeleka kwa fundi anishonee mgongo, 3,000. Nikikichukua naanza upya, safari hii kwa mpangilio.