Renjifainda ndogo za filamu: ipi ununue kwanza ukiwa Lubumbashi

Anayetafuta kamera ya filamu hapa Lushi huanza kwa kuuliza lenzi ipi ni kali. Mimi naanza kwingine: betri ikiisha, kamera itaendelea kupiga au italala? Kamera nyingi ndogo za miaka ya 1970 zilitengenezewa betri za zebaki, na betri hizo zilipigwa marufuku kwa sababu zebaki ni sumu. Tunabaki na betri za kubahatisha, na fundi anayeijua shata ya kizamani, yaani mlango unaofunguka kupitisha mwanga, hapatikani kila mtaa. Kwa hiyo kamera nimezipanga hapa kwa jinsi zitakavyokutumikia mjini humu. Sifa zake Tokyo au Paris hazikusaidii sana huku.

Kwa ambaye hajaishika bado: renjifainda ina madirisha mawili madogo mbele. Ukichungulia unaona doa la njano katikati, na ndani ya doa hilo kila kitu kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka picha mbili ziwe moja, basi, uliyemlenga atatoka wazi. Ndani hakuna kioo kinachoruka kama kwenye kamera kubwa. Shata yenyewe, kwenye nyingi za hapa, ni vibamba vyembamba vilivyo ndani ya lenzi, na sauti yake ni ndogo mno. Muzee anayesoma gazeti chini ya jakaranda hatageuza kichwa. Na kwa kuwa hakuna kioo cha kutikisa kamera, mkono uliotulia unaweza kupiga kwa 1/15 ya sekunde na picha isitetemeke.

Ya kwanza: Olympus 35 RC

Hii ndiyo ningemnunulia mdogo wangu. Ilitoka mwaka 1970, ina uzito wa gramu 410 hivi, inaingia kwenye mfuko wa koti. Lenzi yake ni milimita 42, f/2.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi). Kuna kamera zenye lenzi inayomeza mwanga zaidi, na bado naiweka hii juu, kwa sababu moja kubwa: inafanya kazi kwa namna zote mbili. Ukiiweka kwenye A (otomatiki), unachagua kasi ya shata nayo inachagua tundu, yaani uwazi wa lenzi unaopitisha mwanga. Betri ikifa, unachagua vyote wewe mwenyewe, na kasi zote kuanzia 1/15 mpaka 1/500 zinafanya kazi kama kawaida. Tena ndani ya kitundu cha kuchungulia unaona kasi na tundu pamoja. Kamera ndogo za enzi zile zilizokupa hilo ni chache sana. Huhitaji kushusha kamera kutoka jichoni ili kujua umeiweka wapi.

Upungufu wake upo. Usiku, kwenye baa ya Kamalondo yenye taa moja nyekundu, f/2.8 haitoshi. Na kichujio chake ni cha milimita 43.5, saizi ambayo ni ngumu kuipata, hivyo ukiuziwa kamera iliyo na kichujio chake tayari, usikitoe. Vumbi letu jekundu la kiangazi halina huruma na kioo cha lenzi.

Ya pili: Canon Canonet QL17 GIII

Wengi wataiweka hii ya kwanza, nami sitagombana nao. Ilianza kuuzwa 1972, lenzi yake ni milimita 40, f/1.7, inayopokea mwanga zaidi ya mara mbili na nusu ya ile ya RC. Kwa mpiga picha wa harusi, wa kanisani jioni, wa ndani ya nyumba, tofauti hiyo ni kubwa kweli. Mistari ya fremu inasogea yenyewe unapomkaribia mtu, kwa hiyo hukati vichwa. Kuingiza filamu ni haraka: unavuta ncha yake hadi kwenye alama, unafunga mlango, unavuta mkono wa kusogeza.

Nimeishusha kwa mambo mawili. Ina gramu 620, na baada ya kutwa nzima shingoni utazihisi. Pili, ukiitoa kwenye A, kipima mwanga kinazimika kabisa. Shata inaendelea, lakini unabaki na macho yako tu. Kwa anayejua kusoma jua hilo si tatizo. Anayeanza ataharibu filamu mbili tatu kabla ya kuzoea.

Bei yake imepanda kwa sababu ya jina. Iliyokwisha kuhudumiwa na fundi mara nyingi huvuka dola 100 kwenye masoko ya mtandaoni, kabla ya usafiri.

Ya tatu: Minolta Hi-Matic 7s II

Ya mwaka 1977, milimita 40, f/1.7, gramu 460. Ni kama Canonet iliyopungua mwili, inapiga bila betri, na inachukua kichujio cha milimita 49 ambacho ni rahisi kupata. Tatizo ni kuipata yenyewe. Ukiiona ikiwa nzima kwa bei ya kawaida, chukua usirudi nyuma.

Ya nne: Olympus XA

Hapa moyo wangu unavutwa na akili inakataa. Yoshihisa Maitani, mhandisi wa Olympus, aliitoa mwaka 1979: renjifainda kamili yenye gramu 225 na kifuniko kinachoteleza kufunika lenzi. Vumbi haliingii kirahisi, na mwizi haoni kamera ikining'inia. Lenzi ni milimita 35, inayofaa barabarani. Inatumia betri mbili ndogo za LR44 au SR44, ambazo zinapatikana hata kwa watengeneza saa.

Lakini bila betri haipigi hata picha moja, na mitambo yake ya umeme ikiharibika kutengeneza ni kazi ngumu. Doa lake la kulengea pia limefifia kwenye nyingi. Inunue kama kamera ya pili, ya kutembea nayo kila siku, na uwe na betri za akiba mfukoni.

Ya tano: Yashica Electro 35 GSN

Hii ni nzuri kwa macho na picha zake ni tamu. Familia ya Electro 35 ilianza 1966; GSN ilifuata miaka ya 1970. Milimita 45, f/1.7, na shata inayoweza kuhesabu sekunde 30 nzima gizani. Unachagua tundu, yenyewe inachagua kasi. Haikuambii imechagua kasi gani. Inawasha taa nyekundu mwanga ukizidi, ya njano kasi ikiwa ndogo.

Betri ikifa inabaki na 1/500 peke yake. Betri yake ya asili ilikuwa ya volti 5.6, leo watu wanaweka 4LR44 ya volti 6 pamoja na springi ya kujazia nafasi, na inakubali bila shida. Kubwa la kuangalia ni kipande cha mpira ndani ya mitambo kinachooza kwa uzee. Vuta mkono wa kusogeza filamu: unatakiwa usikie "klaki" nzito. Usiposikia, mpira umekwisha, rudisha kamera mezani. Na si ndogo hata kidogo, inavuka gramu 700.

Ya sita: FED na Zorki

Kamera za Kisovyeti, FED za Kharkiv na Zorki za Krasnogorsk, ndizo za bei ndogo, na shata yake haihitaji betri kamwe. Ni chuma kitupu. Kwenye modeli nyingi kuna sharti usilovunja: vuta mkono kwanza, ndipo ubadilishe kasi. Ukigeuza kasi kabla ya kuvuta unaweza kuvunja mitambo. Shata yake ni ya kitambaa, na lenzi ikiachwa wazi ikitazama jua la saa sita la Katanga, miale inaweza kukitoboa. Tangu hapo kila picha ina nukta nyeupe. Funika lenzi kila mara.

Kama pesa ni kidogo sana na hutaki kulenga, ipo Olympus Trip 35. Si renjifainda, unakadiria umbali kwa alama, lakini haina betri kabisa. Inaishi kwa mwanga wa jua unaogonga duara la seli kuzunguka lenzi. Funika duara lile kwa kiganja na ubonyeze: kijilimi chekundu kikitokea ndani ya kitundu na shata ikakataa, seli bado iko hai.

Kabla ya kutoa dola zako

Ukinunua mkono kwa mkono, mwombe muuzaji mtoke nje. Hapa tuna kipimo kizuri mno cha renjifainda: bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, linaloonekana kutoka mitaa mingi. Weka lenzi kwenye umbali usio na mwisho na ulitazame bomba ndani ya doa. Lazima liwe bomba moja. Yakionekana mawili ubavu kwa ubavu, fundi anaweza kurekebisha. Moja likiwa juu ya lingine, kazi ni kubwa zaidi, punguza bei au ondoka.

Kisha fungua mlango wa nyuma. Sponji za pembeni karibu hakika zimeoza na kuwa kama lami. Hilo lisikutishe, unazikwangua na kuweka uzi mweusi wa sufu. Piga kwa kila kasi huku ukitazama vibamba: vikifunguka polepole au kubaki nusu, mafuta yameganda. Washa tochi ya simu upande wa nyuma wa lenzi, utafute nyuzinyuzi za ukungu. Mvua zetu za Novemba hadi Machi huulisha ukungu, kwa hiyo usiihifadhi kamera ndani ya mfuko wa ngozi kabatini. Mwisho, chumba cha betri: unga wa kijani au mweupe maana yake betri ilivujia ndani. Kama unaagizia kupitia ndugu wa Lusaka au Johannesburg, mwombe muuzaji video ya haya yote. Picha peke yake haitoshi.

Kuhusu betri ya zebaki ya volti 1.35 kwenye RC na Canonet: LR44 ina volti 1.5, na kipima mwanga kikipata nguvu iliyozidi kinadhani jua ni kali kuliko lilivyo. Picha zinatoka nyeusi. Shusha namba ya ASA, yaani kipimo cha wepesi wa filamu kwa mwanga, kwa mfano weka 250 kwa filamu ya 400, ujaribu. Betri za hewa za vifaa vya kusikia, namba 675, zina volti 1.4 na zinakaribia sana ukweli, ila ukishazibandua kibandiko chake hazikai muda mrefu.

Kasi ya juu ya karibu zote hizi ni 1/500. Jua la Agosti hapa, lisilo na wingu, kwa filamu ya 400 linakupeleka moja kwa moja kwenye f/16, mwisho wa pete kwa kamera nyingi. Kwa kiangazi chukua filamu ya 200 kama Kodak Gold. Utafanya kazi kwa f/11 na utabaki na nafasi. Ilford HP5 Plus ya 400 iachie mawingu ya mvua na vyumba vya ndani. Saa sita, mtu akivaa kofia uso unapotea kivulini, na hapo shata ya ndani ya lenzi inakusaidia: inakubali flashi kwa kasi yoyote. Piga flashi kidogo mchana, macho yatatokea. FED na Zorki haziwezi hilo.

Sokoni mtaa wa Kenya, salimia kwanza: "Mama, naomba nikupige picha." Atataka kuiona nyuma ya kamera, na nyuma hakuna kioo. Mwambie ni filamu, kisha umpelekee nakala ya karatasi. Askari, uwanja wa ndege na lango la mgodi usivielekezee lenzi bila ruhusa.

Filamu nyeusi na nyeupe unaweza kuisafisha nyumbani kwa dawa ya nyuzi 20, hata umeme ukikatika. Oktoba utahitaji barafu, Julai alfajiri utahitaji kupasha. Ya rangi inadai nyuzi 38 zisizoyumba, mpe mwenye mashine. Na anayekuletea filamu kwa ndege aibebe mkononi, aombe ikaguliwe kwa mkono. Mizigo ya chini hupitishwa kwenye miale mikali inayoweza kuiunguza kabla hujaiweka kwenye kamera.