Vipete vya nafaka vya rangi darasani: uzoefu wangu hapa Tanga

Nafundisha chekechea Makorora, watoto wa miaka minne na mitano, na muhula huu nimetumia ile nafaka ya rangi rangi ya kula na maziwa, vile vipete vyenye tundu katikati. Asili yake ni Marekani, ambako Froot Loops ya Kellogg's iko sokoni tangu 1963. Nilivyonunua mimi ni vya kampuni nyingine, bei nafuu kidogo. Nafuu ya kusema tu, maana boksi moja ni pesa ya kilo kadhaa za sembe.

Kwenye kutunga, pesa yangu imerudi. Mtoto anashika kipete kwa kidole gumba na cha shahada, na akikibana kwa nguvu kinavunjika. Shanga ya plastiki inamvumilia mwenye mkono mzito, kipete hakimvumilii, na vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika penseli. Uzi wa kawaida unajikunja, hivyo tafuta kamba za viatu, ncha yake ngumu inapita bila shida. Au chomeka njiti za chelewa kwenye donge la unga uliokandwa, ukate ncha kali kwanza, kila njiti ipewe rangi yake.

Kuna binti alikuwa anatunga chekundu, cha njano, chekundu, cha njano. Vya njano vikamwishia. Akachukua cha rangi ya chungwa, akakitazama, akakirudisha sahanini, akainuka kwenda kumwomba mwenzake cha njano. Mpangilio umeshaingia, sikuwa na haja ya kumuuliza swali.

Kwenye kuhesabu, sivipendekezi. Unapanga kumi, ukigeuka vimebaki saba na kuna mtu ana ulimi wa bluu. Kuhesabu naendelea na komwe za bao na vizibo vya soda.

Wakagombana kwamba vyekundu ndivyo vitamu zaidi. Nikawafumba macho kwa kitambaa, wakaonja na kutaja rangi, wakabahatisha tu. Ladha ni moja, tofauti ni rangi peke yake. Wamecheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sasa hizo rangi. Nyuma ya boksi langu, kati ya namba za rangi za chakula zilizoandikwa, zimo E102 (ya njano) na E129 (nyekundu). Umoja wa Ulaya tangu 2010 unataka chakula chenye rangi hizo kiwe na onyo kwamba zinaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Na sukari ni nyingi. Kwa hiyo kwangu ni kifaa cha darasa, kuonja ni punje mbili tatu, na vilivyoshikwashikwa haviliwi. Hata hivyo bibi mmoja alinijia getini: "Mwalimu, umemfundisha mjukuu wangu kula shanga, uji wangu sasa hautaki!" Nikamwomba radhi huku nacheka, naye anacheka.

Unyevu wetu wa pwani ndio adui mkubwa. Boksi likilala wazi, asubuhi vipete vimelegea, na sisimizi wameshapata habari. Mimina vyote kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana siku hiyo hiyo unayofungua. Na ukiwa dukani, litikise boksi kabla ya kulipa. Likitoa mlio wa ungaunga, vimesagika njiani na vya kutunga hutapata.