Fundi wa umeme wa dizeli, Changamwe: kwanza mita, spana baadaye

Nianze na bei, maana ndiyo huulizwa kwanza. Kupima ni shilingi 1,500, na hela hiyo unaitoa hata kama hakuna kitakachobadilishwa. Kuna watakaoona ni ghali, kwa kuwa gereji nyingi hapa Mombasa hukuangalizia bure. Sawa, lakini gereji ya bure ndiyo iliyotaka kunishushia pampu ya dizeli na nozeli zinazoipuliza.

Gari ni Hilux ya zamani, injini ya 3L, dizeli ya lita 2.8. Asubuhi stata ilizunguka mpaka betri ikachoka, kisha injini inawaka kwa kutetemeka, ikitoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi. Ikishapata moto, mchana kutwa haina neno.

Maelezo hayo yalimtosha fundi kuitilia shaka habari ya pampu. Pampu iliyochakaa, alisema, mara nyingi husumbua injini ikiwa moto, kwani dizeli huwa nyepesi na kuvuja humo ndani. Yangu ilisumbua ikiwa baridi, na moshi mweupe maana yake dizeli inaingia ila haiungui. Basi tuanze na hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyoipasha injini moto kabla ya kuwasha. Nikamwambia mbona taa ya koili, ile ya hita plagi kwenye dashibodi, inawaka na kuzimika kama kawaida? Akacheka. Taa hiyo hufuata muda tu. Plagi zote zaweza kuwa zimekufa nayo isikwambie kitu.

Najua wapo wasemao joto la Mombasa latosha kuwasha dizeli bila plagi. Kwa injini hizi halitoshi. Dizeli hupuliziwa kwanza kwenye chumba kidogo juu ya silinda, na kuta zake zikiwa baridi hunyonya joto la hewa iliyoshindiliwa, ambalo ndilo huiwasha dizeli. Injini za kisasa, zinazopuliza moja kwa moja ndani ya silinda, huzivumilia asubuhi zetu hata plagi zikiwa mbovu.

Aliweka mita kwenye kile kibati kinachounganisha plagi nne, mimi nikawasha swichi. Volti zikafika, karibu sawa na za betri. Fyuzi na rilei (swichi inayopeleka umeme kwenye plagi) zikatoka lawamani hapo hapo. Akaondoa kibati, akapima plagi moja moja, ncha moja ya mita kichwani pake na nyingine kwenye injini. Moja ilisoma chini ya omu 2, yaani nzima. Tatu hazikusoma chochote: zimekatika ndani.

Kuzitoa ndiko kulikonifanya nimwamini. Alitaka injini ipate joto kwanza, akapulizia dawa ya kutu, akangoja. Moja ilikataa katakata, naye hakuilazimisha; aliizungusha mbele na nyuma, kidogo kidogo, mpaka ikaachia. Ikikatikia ndani, huenda ukashusha silinda hedi nzima, kile kichwa cha juu cha injini, na hapo hesabu si ya plagi tena. Nimeona vijana wakining'inia kwenye spana ndefu bila kujali hilo.

Spea hauzi. Alinituma Mwembe Tayari na plagi ya zamani mkononi, nisome volti zilizochapwa juu yake, sio kulinganisha umbo tu: ya volti 6 ikifungwa penye mfumo wa 12 huungua upesi. Nilinunua zote nne. Sasa asubuhi nasubiri taa izimike, nageuza ufunguo, gari inawaka, na moshi ni ule wa kawaida wa dizeli kuukuu.

Kasoro zipo. Ahadi ya saa mbili asubuhi kwake ni saa nne. Risiti hatoi, ujumbe wa M-Pesa ndio ushahidi wako, na kazi yake haina dhamana ya maandishi. Pia hana pa kukaa mteja, na jua la Changamwe mnalijua. Mwenye dizeli ya kisasa yenye kompyuta atafute kwingine, kwani mashine ya kusoma hitilafu kwenye kompyuta ya gari hana, na mwenyewe hafichi. Ijumaa nenda mapema. Ikikaribia swala hapokei gari jipya.