BBS na Telegram: uunganishe gumzo au mbao za ujumbe?

BBS ni mfumo wa kompyuta ambao watu huingia kwa simu au intaneti, wakasoma na kuachiana ujumbe kwenye mbao. Mwenye BBS inayoendeshwa kwa programu ya Synchronet akitaka kuwaingiza watu wa Telegram, ana njia mbili.

Ya kwanza ni gumzo la papo kwa papo. Synchronet ina seva yake ya IRC, mfumo wa zamani wa gumzo la maandishi, kwa hiyo unaweka Matterbridge, programu ya kuunganisha magumzo, katikati, unaipa tokeni (ufunguo wa siri) ya boti, yaani akaunti ya Telegram inayoendeshwa na programu, basi. Shida ni kwamba siku hizi ni nadra kukuta watu wamekaa kutwa ndani ya BBS. Mgeni anasalimia, hajibiwi, anajiondokea. Tena ujumbe wa IRC haupiti baiti 512, ilhali Telegram inaruhusu herufi 4,096. Maelezo marefu yanafika vipande vipande.

Ya pili ni kuunganisha mbao zenyewe, tuseme za FidoNet, mtandao wa BBS zinazobadilishana ujumbe, alioanzisha Tom Jennings mwaka 1984. Hapa andaa subira, maana skripti (programu ndogo) ya kuhamisha ujumbe huenda ukaiandika mwenyewe. Ujumbe wa Fido una sehemu ya kichwa cha habari, herufi 71 tu. Ujumbe wa Telegram hauna, itabidi ukiokote kwenye mstari wa kwanza. Emoji zikifika kwenye skrini ya CP437, seti ya zamani ya herufi za kompyuta, zinageuka alama za kuuliza, au takataka tupu. Na uzime hali ya faragha ya boti, la sivyo haitasoma mazungumzo ya kawaida ya kundi.

Pamoja na usumbufu wote huo, mimi ningeanza na ya pili. Tangu CBBS, BBS ya kwanza, ya Chicago mwaka 1978, laini moja ya simu ilihudumia mtu mmoja kwa zamu. Kwa hiyo watu waliachiana ujumbe kwenye mbao, na kujibu kesho kutwa hakukuwa kuchelewa. Gumzo liongeze baadaye, kama watu wapo.