Klampu mita ya elfu tisini imenionesha kwa nini betri ilikuwa inakufa kila Jumatatu

Mambo vipi wadau, karibuni tena, leo nipo nyumbani hapa Tegeta na hii kitu mkononi inaitwa klampu mita, nimeinunua Kariakoo elfu tisini, na nataka muione kwa sababu najua wengi humu mna magari ya bei mbaya, haya ya Ulaya, gari kali kabisa lakini asubuhi unabonyeza kitufe unasikia tik tik tik, dashibodi inawakawaka halafu kimya.

Mimi yangu ilikuwa kila Jumatatu. Napaki Ijumaa jioni, wikiendi natumia gari ya mke wangu, Jumatatu nikitoka haiwaki, na ubaya wa hii gari betri iko kwenye buti na buti lenyewe linafunguka kwa umeme, kwa hiyo umeme ukiisha unaanza kuhangaika na ule ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti ili ufungue angalau mlango wa dereva. Fundi wa kwanza akaniambia bosi betri imekufa, nikanunua mpya, karibu laki saba. Mwezi na nusu, yaleyale. Fundi wa pili naye akasema betri uliyouziwa ni feki, badilisha. Hapo ndo nikagoma.

Sasa sogeeni karibu. Hii mita ina mdomo kama koleo, unabana waya wa betri inasoma umeme unaopita bila kuchomoa chochote, hiyo ndo raha yake, maana ukichomoa teminali kompyuta zote za gari zinaanza upya na lile tatizo unaweza usilione. Ila ukienda dukani kuwa makini, zipo za bei rahisi zinapima AC tu, umeme wa nyumbani, hizo kwa betri hazikusaidii kitu. Hakikisha inapima ampea za DC, umeme wa betri, na kabla hujabana bonyeza kitufe cha ziro mpaka isome 0.00, vinginevyo itakudanganya.

Nilivyofanya ni hivi, nikafungua buti, ile loki nikaibana na bisibisi mpaka ikalia tak ili gari idhani buti limefungwa, nikalock, ufunguo nikaupeleka ndani jikoni kwa sababu hizi gari za kutumia rimoti ukikaa nayo karibu hazilali. Halafu unasubiri. Wengi hapa ndo wanakosea, wanapima dakika mbili wanaona ampea 5 wanapiga kelele, wakati haya magari kompyuta zake zinazima moja moja, inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Gari iliyolala vizuri inatakiwa itumie kama ampea 0.05 kushuka chini. Yangu baada ya saa nzima ilikuwa inasoma 0.62, haishuki.

Pigeni hesabu wenyewe, 0.62 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 15 kwa siku, betri yangu ni ya ampea-saa 80, na haikuwa imejaa kwa sababu mizunguko yangu ni mifupi, foleni ya Mwenge kiyoyozi kimewaka injini iko sailensa, yaani inaunguruma tu bila kukanyagwa mafuta, altaneta haipati nafasi ya kujaza. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, ampea-saa 37 zimeondoka nimelala zangu. Betri gani itavumilia hiyo!

Kutafuta mwizi sikuchomoa fyuzi ovyo, unapima volti ndogo juu ya fyuzi ikiwa palepale, ile yenye umeme unaopita inajionesha. Hapo nikatumia zile nyaya mbili za hii hii mita. Ikanipeleka fyuzi ya vitu vya nyuma, nikatoa kapeti la buti, nikainua spea tairi, wadau, maji. Maji yamesimama kabisa, yana harufu ya tope. Raba ya taa ya nyuma imekakamaa, mvua za masika zimeingia hapo, na kile kiboksi cha umeme cha mlango wa buti kimekaa chini kabisa, pini zake zimeota kutu ya kijani. Nikachomoa soketi huku natazama mita, 0.62 ikashuka mpaka 0.03. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu.

Kiboksi nikabadilisha cha mtumba, raba mpya, basi.

Kasoro za mita ni mbili, kwenye namba ndogo kabisa inayumba kidogo hivyo ukitaka usahihi wa miliampea tumia mita ya kawaida ya kuunganisha, na taa ya kioo chake ni hafifu, juani unasoma kwa shida. Kwa kazi hii naipa nane juu ya kumi.

Na hili naomba mnisikie vizuri jamani, fundi akitaka kuchomoa teminali injini inaunguruma eti anapima altaneta, mkatalie. Kwenye magari haya umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaunguza kompyuta, hiyo sio laki saba tena. Altaneta unaipima kwa volti tu, injini ikiwaka, kwa gari nyingi iwe kati ya 13.8 na 14.7. Pia ukiweka betri mpya kwenye gari zenye sensa kwenye teminali hasi, nyingi zinataka isajiliwe kwa mashine, usipofanya gari inaendelea kuijaza kama ile kuukuu. Na kama gari ilikuja na betri ya aina ya AGM rudishia AGM.

Juzi nimetoka Tanga, gari imekaa siku tano haijaguswa. Kabla sijawasha nikapima betri, hii picha niliipiga palepale, volti 12.6.